Ankara ni Moja, Karatasi ni Nyingi

Hotuba ya Kamati ya Mauzo na Hesabu katika sherehe ya kikundi kutimiza miaka kumi, Morogoro, 2024

Wapo wenzetu tulioanza nao mwaka 2014 chini ya mwembe, na leo hawapo nasi tena. Tunawaombea wapumzike mahali pema.

Kamati yetu imepewa muda wa kueleza jinsi kikundi kilivyoanza kuchapa ankara zake kwa programu ya kompyuta na ile printa ndogo ambayo wengi wenu mmeiona pale stoo. Mwenyekiti ametuonya tusiwachoshe, nasi tutajitahidi. Lakini ametuagiza pia tusifiche jambo, maana katika habari hii limo kosa letu, na kosa hilo lilimwumiza mwenzetu. Yeye mwenyewe ameturuhusu tulieleze, ila jina lake tusilitaje.

1. TULIKOTOKA

Tulianza tukiwa akina mama 25, kila mmoja akinunua hisa kila Jumatano. Sanduku letu lilikuwa na kufuli tatu, na funguo zake zilishikwa na watu watatu wa nyumba tatu tofauti. Hakuna hata mmoja aliyeweza kulifungua peke yake. Si kwamba hatukuaminiana, la hasha. Tulikuwa tunalinda kuaminiana kwetu kusije kukaharibika. Tunaomba mlikumbuke sanduku hilo, tutalirudia.

Mwaka 2017 tulikubaliana kwamba kukopeshana peke yake hakutoshi. Tukaanza mradi wa pamoja wa kununua mahindi Gairo na Kilosa, kusaga, kufungasha na kuuza dona, sembe na unga wa lishe. Wenye maduka wa Msamvu, Kihonda na Mji Mpya walitupokea vizuri, lakini wengi wao walichukua mali kauli. Leo beba unga, pesa mwisho wa mwezi. Hapo ndipo ilipotubidi tuanze kuandika ankara.

Tufafanue kidogo, kwa sababu hata sisi tulichanganya mwanzoni. Ankara ni karatasi inayosema: umechukua mali hii, unadaiwa kiasi hiki, ulipe kabla ya siku fulani. Risiti ni karatasi inayosema: pesa yako tumeipokea. Ukimpa mtu ankara unamdai. Ukimpa risiti humdai tena. Ukizichanganya hizo mbili, umejitafutia ugomvi.

Tulikuwa na kitabu cha ankara chenye kaboni. Karatasi ya juu ilikwenda kwa mteja, ya chini ilibaki kwetu. Lakini kaboni ikichoka, nakala yetu hufifia. Namba 7 ya mmoja wetu ilifanana na 1. Viroba 12 mara shilingi 26,000 tulizidisha kwa kalamu huku mteja anasubiri na bodaboda inapiga honi. Mwisho wa mwezi mweka hazina alikaa siku mbili nzima anajumlisha. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Sisi daftari tulikuwa nalo, na bado habari ilikuwa inapotea!

2. PRINTA ILIVYOINGIA

Mwaka 2020 kijana wa mwanachama mwenzetu, aliyekuwa akisomea kompyuta chuoni, alirudi likizo akamkuta mama yake saa tano usiku anajumlisha ankara. Jumatano iliyofuata akaja kwenye kikao.

“Shikamooni mama zangu.”

“Marahaba mwanetu.”

Akatuambia kwamba kazi ile ya kuzidisha na kujumlisha inaweza kufanywa na kompyuta, na karatasi ikatoka yenyewe imeandikwa vizuri. Mama mmoja akamwuliza, “Na wino tutanunua kila wiki?” Akacheka, akasema printa ya namna ile haitumii wino kabisa.

Kumbe ni kweli. Karatasi yake imepakwa dawa ambayo hugeuka nyeusi ikipata joto. Ndani ya printa kuna vitone vidogo vinavyopata moto na kupoa upesi sana, na karatasi ikipita juu yake herufi zinatokea. Ukitaka kujua upande wenye dawa, kwaruza karatasi kwa ukucha. Upande utakaoacha alama nyeusi ndio wenyewe. Tunalisema hili kwa sababu siku ya kwanza tuliweka roli kinyume, karatasi ikatoka nyeupe kabisa, tukadhani tumeuziwa printa mbovu.

Tulinunua printa ya karatasi yenye upana wa milimita 58, ile ndogo. Kompyuta tulipewa na msamaria mwema, ilikuwa imeshatumika. Programu aliiandika kijana wetu mwenyewe kwa lugha ya kompyuta iitwayo Python.

3. JINSI PROGRAMU INAVYOIAMURU PRINTA

Hapa wengine mtasema, haya si mambo yetu, ni ya mafundi. Nasi tulisema hivyo hivyo, na ndilo lililotuponza. Basi tuvumilieni kidogo.

Programu haizungumzi na printa kwa maneno kama tunavyozungumza sisi. Huipelekea namba mfululizo, moja baada ya nyingine. Kila herufi ina namba yake, kwa mfano A kubwa ni 65. Lakini zipo namba ambazo si herufi bali ni amri. Namba 10 maana yake maliza mstari. Namba 27 ni kama kumgonga mtu begani, yaani sikiliza, amri inakuja. Ukipeleka 27 kisha 64, printa husahau yote ya nyuma na kuanza upya. Ukipeleka 27, 97 na 1, maandishi yatakaa katikati ya karatasi. Ukipeleka 27, 69 na 1, herufi zitakuwa nene. Ukitaka ziache kuwa nene, unapeleka 27, 69 na 0. Printa zenye kisu cha kukatia karatasi hupokea amri ya kukata inayoanza na 29 na 86. Yetu haina kisu, tunachana kwa mkono.

Amri hizi kwa jumla huitwa ESC/POS. Zilitungwa na kampuni ya Epson ya Japani, na watengenezaji wengine wengi wakazifuata. Ndiyo maana programu moja inaweza kutumika na printa za aina mbalimbali, japokuwa si kila printa hutii kila amri.

Sisi wenye cherehani tutalielewa jambo hili kwa urahisi. Ukiweka cherehani yako kwenye mshono wa zigizagi, itashona zigizagi mpaka wewe mwenyewe uirudishe. Haijui kwamba sasa umefika kwenye pindo. Printa nayo ni hivyo hivyo. Mara ya kwanza kijana alisahau kuzima herufi nene baada ya kichwa cha habari, ankara nzima ikatoka nene, na ya mteja aliyefuata nayo ikawa nene. Tangu hapo kila ankara inaanza na 27 na 64, ili printa isibebe mambo ya mteja aliyepita.

Tunataka mkumbuke neno moja hapa. Printa haijui ankara ni nini, wala deni, wala mteja. Inajua joto na karatasi. Anayejua deni ni programu, na programu inajua kile tu ilichoambiwa.

4. MAMBO MADOGO YALIYOTUSUMBUA

La kwanza ni upana. Karatasi ya milimita 58, kwa herufi za kawaida za printa yetu, inabeba herufi 32 kwa mstari, nafasi tupu nazo zikiwa zimehesabiwa. Tukagawa mstari hivi: nafasi 16 za jina la bidhaa, 5 za idadi na 11 za pesa. Jina likizidi 16 programu inalikata. Sasa “Unga wa lishe kilo 1” na “Unga wa lishe kilo 2” yote yakikatwa kwenye herufi ya 16 yanabaki “Unga wa lishe ki”. Mteja wa Kihonda akatupigia simu kwa ukali: mbona unga mmoja mmeniandikia bei mbili? Alikuwa na haki. Tukabadilisha majina yakawa “Lishe kg 1” na “Lishe kg 2”. Ukiwa na nafasi ndogo, kitangulize kile kinachotofautisha bidhaa.

La pili ni alama ya juu ya ng', kama katika neno ng'ombe. Mteja wetu mmoja jina la duka lake lina alama hiyo. Jina hilo tulilinakili kutoka kwenye ujumbe wa simu, na simu ilikuwa imeandika alama iliyopinda badala ya ile iliyonyooka. Printa ikatoa herufi tatu za ajabu katikati ya jina la mtu! Iliyopinda haimo katika orodha ya herufi ambayo printa ilikuwa inaitumia, kwa hiyo ilisoma vipande vyake vitatu kama herufi tatu. Dawa yake ni ndogo: programu sasa inabadilisha kila alama iliyopinda kuwa iliyonyooka kabla ya kupeleka kwenye printa.

La tatu ni kichwa cha karatasi. Mteja mmoja alitubishia kwamba amekwisha lipa, ushahidi wake ni “risiti” aliyonayo. Tulipoitazama, ilikuwa ni ankara. Alidhani kila karatasi inayotoka kwenye printa ya namna ile ni risiti. Tangu siku hiyo juu kabisa tunaandika kwa herufi nene: ANKARA - BADO KULIPWA. Akilipa, tunamchapia nyingine yenye kichwa RISITI - IMELIPWA, ikitaja namba ya ankara yake.

La nne ni kufifia. Karatasi hii ya joto haipendi jua, joto wala mafuta. Ukiibandika ukutani karibu na jiko, au ukaihifadhi kwenye mfuko wa plastiki, maandishi hupotea. Kwa hiyo deni linalotazamiwa kukaa muda mrefu bado tunaliandika kwenye kitabu cha kaboni, na mteja anaweka sahihi. Hatukukitupa kitabu. Jamani, msikitupe kitabu!

5. KOSA LETU

Sasa tunafika kwenye lile tuliloagizwa tusilifiche.

Jumamosi moja ya Desemba 2021, mwenzetu aliyekuwa zamu ya mauzo alimpatia mteja wa Msamvu viroba 12 vya dona vya kilo 25, kila kimoja shilingi 26,000. Jumla shilingi 312,000. Akaingiza kwenye programu, akabonyeza Chapa. Karatasi ikaanza kutoka, ikafika kwenye mstari wa bidhaa, roli likaisha. Mstari wa JUMLA haukutoka. Akafanya ambalo yeyote kati yetu angelifanya. Aliweka roli jipya, akabonyeza Chapa tena, ankara ikatoka nzima, akampa mteja. Mteja akaenda zake, na mwisho wa mwezi akalipa shilingi 312,000.

Januari 2022 tulipofunga hesabu, kompyuta ikasema mteja yule bado anadaiwa shilingi 312,000. Ankara namba 0418 haijalipwa. Viongozi wakaenda dukani. Mteja akatoa ankara namba 0419 na risiti yake. “Mimi nina hii moja, na nimelipa. Hiyo 0418 siijui.”

Basi hapo, ndugu zetu, maneno yakaanza. Kama mteja haijui 0418, unga wa 0418 umekwenda wapi? Mwenzetu akasema, “Ni mzigo mmoja, karatasi iliniishia.” Tukamjibu kwamba mashine haisemi uongo. Tulilisema neno hilo ndani ya kikao, na limo kwenye kumbukumbu za kikao. Tukamwondoa kwenye mauzo. Kwa wiki tatu hakugusa pesa ya kikundi, na wapo kati yetu waliokatisha njia ili wasikutane naye sokoni.

Aliyetufumbua macho ni mama yetu mtunza stoo, ambaye kompyuta haijui na hakuwahi kuipenda. Yeye alikuwa ameendelea na daftari lake la mkono, mali iliyoingia na mali iliyotoka. Akalifungua mbele ya kikao. Siku ile dona ya kilo 25 vilitoka viroba 12, si 24. Sisi wote tulikuwa na uwezo wa kuliomba daftari lile tangu siku ya kwanza. Hakuna aliyeliomba, kwa sababu eti sasa tuna kompyuta. Naye mwenzetu akatoa kwenye kopo la chenji kipande cha karatasi alichokihifadhi: ankara namba 0418, imekatikia kwenye mstari wa bidhaa, haina jumla.

Tukampigia kijana wetu simu. Akaeleza kwamba kitufe cha Chapa alikiwekea kazi tatu kwa pamoja. Kinatoa namba mpya, kinaandika deni, kinapeleka kwenye printa. Ukikibonyeza mara mbili, umeandika madeni mawili. “Mama zangu, kosa ni langu,” alisema. Tulimwambia hapana. Yeye aliandika programu, lakini sisi ndio tuliokuwa na pesa, mali na heshima ya mtu mikononi mwetu. Hatukumwuliza hata siku moja: je, karatasi ikiisha katikati inakuwaje?

Tulimwomba mwenzetu radhi mbele ya wanachama wote, na maneno hayo nayo yamo kwenye kumbukumbu. Alisimama akasema: “Pole zenu nimezipokea. Lakini pole haizuii karatasi kuisha. Karatasi itaisha tena, na atakayekuwa zamu siku hiyo atakuwa mwenzenu mwingine. Rekebisheni kitu.” Halafu akaongeza neno ambalo tumelifanya kichwa cha hotuba hii: “Ankara ni moja, karatasi zinaweza kuwa hata kumi.”

6. TULIVYOREKEBISHA

Mwenzetu alikuwa amesema kwa maneno machache jambo ambalo programu nzima ilikuwa imelikosa. Ankara ni ile kumbukumbu ya deni. Karatasi ni picha yake tu. Picha ikiharibika unapiga nyingine, lakini mtu haongezeki kwa sababu amepigwa picha mara mbili.

Februari 2022 programu ikabadilishwa hivi:

(a) Kitufe cha Chapa kilitenganishwa na kitufe cha Hifadhi. Namba ya ankara na deni huandikwa mara moja tu, wakati wa Hifadhi. Baada ya hapo fomu ile inafungwa.

(b) Chapa sasa husoma tu kilichohifadhiwa na kukipeleka kwenye printa. Ukibonyeza mara kumi, zitatoka karatasi kumi zenye namba ile ile, na deni litabaki moja.

(c) Karatasi ya pili na kuendelea huandikwa juu neno NAKALA, ili mteja asije akaleta mbili akidhani ni ankara mbili.

(d) Baada ya kila kuchapa, programu inamwuliza aliye zamu: karatasi imetoka yote? Zipo printa zinazoweza kuulizwa zenyewe kama karatasi imebaki, kwa namba 16, 4 na 4, nazo hujibu. Yetu haikujibu, kwa hiyo tunamwuliza binadamu.

(e) Ankara haifutwi kamwe. Ikikosewa huandikwa IMEFUTWA pamoja na sababu, na lazima wathibitishe watu wawili. Namba yake inabaki pale pale, isiwepo namba iliyorukwa bila maelezo.

(f) Kila jioni watu watatu wanakaa pamoja: aliyeuza, mtunza stoo na mweka hazina. Programu inachapa jumla ya siku. Mtunza stoo anasoma daftari lake. Mweka hazina anahesabu pesa taslimu na kutazama malipo ya simu. Yakilingana, wote watatu wanaweka sahihi. Yasipolingana, hakuna anayeondoka na hakuna anayetuhumiwa mpaka yote matatu yametazamwa.

Mnaona sasa kwa nini tuliwaomba mlikumbuke sanduku. Kufuli tatu tulizokuwa nazo chini ya mwembe tuliziondoa siku tulipopata kompyuta. Tuliona kompyuta yenyewe inatosha kuwa kufuli. Tumezirudisha.

Kabla ya kuitumia programu mpya tuliijaribu makusudi. Tulitoa roli karatasi ikiwa katikati, tukachomoa waya wa printa, tukazima umeme. Kila mara tukahesabu madeni kwenye kompyuta, na kila mara lilikuwa moja. Aliyeshika roli siku ya majaribio ni yule mwenzetu mwenyewe, kwa hiari yake. Leo ni mjumbe wa kamati hii, na hotuba hii ameisoma kabla yenu.

Tangu hapo karatasi imetuishia katikati mara nyingi tu, na hakuna mteja aliyeandikiwa deni mara mbili. Hesabu za mwisho wa mwezi zilizochukua siku mbili sasa tunazimaliza asubuhi moja.

7. KUHUSU KODI

Tunapenda kuweka jambo hili wazi, hasa kwa vikundi rafiki vilivyokuja kujifunza. Mashine za EFD zilianza kutumika hapa Tanzania mwaka 2010 kwa ajili ya risiti za kodi. Printa yetu ndogo inafanana nazo kwa sura na kwa karatasi, lakini si EFD. Karatasi inayotoka humo ni makubaliano kati yetu na mteja. Haichukui nafasi ya risiti ya kodi, ambayo lazima itoke kwenye mashine au mfumo unaotambuliwa na Mamlaka ya Mapato. Ndiyo maana mstari wetu wa mwisho husema: HII SI RISITI YA KODI. Msije mkanunua printa ya namna hii mkadhani mmemaliza wajibu. Kuuliza si ujinga, nendeni ofisi ya kodi mkaulize kikundi chenu kinatakiwa kufanya nini.

8. USHAURI NA MAOMBI

Kwa vikundi vinavyotaka kuanza, ushauri wetu ni huu. Kwanza kaeni muandike kwa kalamu ankara yenu iwe na nini: namba, tarehe, jina la mteja, bidhaa, idadi, bei, jumla, siku ya kulipa na jina la aliyeuza. Mkishakubaliana, ndipo mmwite kijana wa kompyuta. Mwambieni awaonyeshe nini kinatokea karatasi ikiisha, umeme ukikatika, au mtu akibonyeza mara mbili. Akikasirika kwa maswali hayo, tafuteni mwingine. Wekeni nakala ya kumbukumbu zenu mahali pawili, nje ya kompyuta ile moja. Na daftari la stoo liendelee kuandikwa kwa mkono na mtu ambaye si muuzaji.

Kwa wafadhili na marafiki wa kikundi waliopo hapa, maombi yetu ni mawili. Tunahitaji kompyuta ya pili ya kuhifadhia nakala, maana hii tuliyonayo imezeeka. Pia tunaomba nafasi za mafunzo kwa mabinti wetu wawili, ili siku kijana wetu akipata kazi mbali tusibaki tunaitazama programu kama mlango uliofungwa na ufunguo umekwenda Dodoma.

9. HITIMISHO

Ndugu Mgeni Rasmi, kwa miaka kumi tumejifunza kuweka, kukopa, kusaga na kuuza. Katika hayo yote, lililotugharimu zaidi halikuwa pesa. Zile shilingi 312,000 hazikupotea hata kidogo, kwa sababu hazikuwahi kuwapo. Kilichokaribia kupotea ni mtu. Tungempoteza mwenzetu mwaminifu kwa sababu ya kipande cha karatasi kilichoishia katikati, na kwa sababu tuliiamini mashine kuliko tulivyomwamini aliyeketi nasi tangu chini ya mwembe.

Printa tunaipenda, na hatutairudisha dukani. Ila sasa tunapoisikia ikilia pale stoo tunajua inasema tulichoiambia sisi. Na mwenzetu akisema “karatasi iliniishia”, kwanza tunalifungua daftari.